Neno la Siri la Kompyuta Namba Mbili

Olive aliinamia kompyuta ya kwanza, akasoma tarakimu ndogo za betri pembeni mwa kioo, kisha akaandika katika daftari: *Saa sita kamili. Namba Moja, asilimia thelathini na moja.* Akageukia ya pili. *Namba Mbili, asilimia themanini.*

"Andika vizuri, karani," alisema mwenzake Elisée, aliyekuwa amekaa juu ya meza akining'iniza miguu. "Lakini unajisumbua bure. Kila mtu anataka ile nyembamba. Hii nyingine ni nene kama mkate wa duka la spaza."

"Shuka mezani, Elisée. Mwalimu alisema zisitikiswe."

Ilikuwa likizo ya Juni, na baridi ya Johannesburg ilipenya mpaka ndani ya chumba cha masomo, nyuma ya duka la ushonaji la Mama Clémentine, hapo Rosettenville. Watoto kumi na wawili, wengi wao Wakongo na Warundi, walikuja hapo kila alasiri kusoma. Sasa kanisa lilikuwa limekubali kuwanunulia kompyuta kumi na mbili zilizokwisha kutumika. Bi Zuhura, mwenye duka la kompyuta kule Newtown, alikuwa amewaazima mbili za mfano jana yake. "Zijaribuni," alimwambia Mwalimu Gustave. "Lakini nipate jibu kesho saa nane. Nina mteja mwingine anayezitaka."

Mwalimu Gustave alikuwa fundi wa simu kutoka Lubumbashi, na hakupenda kukisia. Alichora jedwali katika daftari: betri, vitufe, sauti, uzito. Kazi ya kujaza jedwali alimpa Olive, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa mwandiko wake ulisomeka. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, kama ulivyozoea kukatika, kwa hiyo betri ndiyo ilikuwa swali kubwa kuliko yote.

Olive aliifurahia kazi hiyo, lakini pia aliiogopa. Asubuhi baba yake, mlinzi wa jengo moja katika mtaa wa Observatory, alikuwa amemwambia, "Vitu vya watu hivyo, mwanangu. Sisi hapa ni wageni. Usije ukaharibu kitu tukashindwa kukieleza."

Saa sita na nusu kompyuta nyembamba ikazimika. Kioo kikawa cheusi.

"Eish!" Elisée aliruka kutoka mezani. "Imekufa?"

"Imeishiwa betri," alisema Olive, akaandika. "Namba Mbili bado ina sabini." Kisha akasogeza kidole kwenye mstari uliofuata: *Bonyeza kila kitufe, uone kama kinarudi juu.* Akaanza na Namba Mbili, kitufe kimoja kimoja.

"Kwa mwendo huo tutalala hapa," Elisée alimcheka. "Piga kwa mikono miwili, kama mpiga kinanda wa kanisani!"

Olive naye akacheka. Akapiga kwa mikono miwili, vidole vyote kwa pamoja, juu na chini. Vitufe vyote vilirudi. Akaweka alama ya vema.

"Olive!" Mama Clémentine aliita kutoka dukani. "Njoo unishikie kitambaa hiki, mwanangu, mkono mmoja hautoshi."

Alipomaliza kushika kitambaa, ilikuwa saa saba. Elisée alikuwa ameenda kununua mkate. Kompyuta ya Namba Mbili, kwa kukaa bila kuguswa, ilikuwa imejifunga, ikidai neno la siri. Olive alilijua, Mwalimu alikuwa amemwamini, akamwambia. Lilikuwa *zawadi*. Akaliandika. Nukta sita nyeusi zikajipanga, moja kwa kila herufi. Akabonyeza kitufe cha kuingia.

Kompyuta ikakataa.

Akaandika tena, polepole, akiangalia kila herufi chini ya kidole chake. Z. A. W. A. D. I. Ikakataa. Mara ya tatu vidole vilikuwa baridi. Mara ya nne alisahau kupumua. Mara ya tano yakatokea maandishi marefu ya Kiingereza: kompyuta imefungwa kwa sababu ya majaribio mengi, subiri.

Olive aliondoa mikono kwenye vitufe. Alikumbuka alivyopiga vitufe kwa mikono miwili. Ameivunja. Ameivunja kompyuta ya Bi Zuhura, na Bi Zuhura akisikia atachukua zote mbili, na hakutakuwa na kompyuta kumi na mbili, wala moja. Alisikia sauti ya baba yake kana kwamba yuko pale chumbani: sisi hapa ni wageni.

Nje, malango ya chuma ya duka yalilia. Olive akaruka. Ilikuwa upepo tu.

Hapo ndipo kalamu ilipomjia mkononi. Hakupanga. Aliandika haraka, kwa mwandiko usiokuwa wake: *Saa saba. Namba Mbili ni mbovu. Imejifunga yenyewe.* Kisha akafunga daftari, akalisukuma pembeni.

Mwalimu Gustave alifika saa nane kasorobo, akifuatwa na Elisée mwenye mkate mkononi. Alivua kofia, akafungua daftari, akasoma mstari kwa mstari. Olive alitazama kidole chake kikishuka. Kikasimama.

"Mbovu," alisema Mwalimu. "Pole. Mimi nilidhani hii ndiyo yetu."

"Nilisema mimi!" Elisée alishangilia. "Nyembamba! Nyembamba!"

"Nyembamba iliwashwa saa tano, saa sita na nusu ikazimika. Siku umeme ukikatika mtafanya nini na watoto wadogo?" Mwalimu alikuna kidevu. "Lakini kama nene ni mbovu, hatuna la kuchagua. Olive ameandika, basi." Akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya Bi Zuhura.

Olive alisimama. Aliona vioo kumi na viwili vikizimika kimoja baada ya kingine, na wadogo wakimtazama yeye. Simu ilikuwa imeanza kuita.

"Mwalimu, usimwambie!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Si mbovu. Ni mimi. Nimeivunja mimi, halafu nikaandika uongo."

Elisée aliacha kutafuna. Mwalimu Gustave alikata simu, akaiweka mezani kifudifudi. Olive alingoja kugombezwa. Mwalimu alivuta kiti.

"Anza mwanzo," alisema. "Usiruke kitu. Ulibonyeza nini?"

Olive akasimulia: vitufe, mikono miwili, kitambaa, *zawadi* mara tano. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha, muda wa kusubiri ukiwa umeshapita, akaandika neno la siri mwenyewe. Kompyuta ikamkataa hata yeye. Mwalimu akasogeza uso karibu na kioo, halafu akaweka kidole kwenye kona ya chini.

"Hapa pameandikwa nini?"

"FRA," Olive alinong'ona. "Nilidhani ni jina la kampuni."

"Asubuhi palikuwa ENG. Ni Kiingereza. Na FRA ni Kifaransa. Jana niliweka lugha zote mbili, maana jioni akina mama huja kuandika barua za Kifaransa. Ukipiga vitufe vingi kwa pamoja, inahama lugha. Kwa Kifaransa, A inakaa penye Q, na Z inakaa penye W. Wewe ulibonyeza Z, yenyewe ikaandika W, na nukta zikaficha. Tazama."

Akabonyeza taratibu: W, Q, Z, Q, D, I. Nukta sita. Kioo kikafunguka.

Olive alijikuta analia. Mwalimu alimwacha alie kidogo.

"Mimi nilipokuja mji huu," alisema, "nilienda kuandika barua ya kuomba kazi kwa kibodi ya hapa. Vidole vyangu vilikuwa bado vya Lubumbashi, vya kibodi ya Kifaransa. Niliituma bila kuisoma. Chini nimejiita *Gustqve*."

"Mwalimu Gustqve!" Elisée alijaribu kulitamka, akapaliwa na mkate, na hata Olive akacheka ndani ya machozi.

"Kazi sikuipata," Mwalimu akasema, naye akitabasamu. Kisha akawa makini. "Kosa la kwanza leo ni langu. Sikukwambia kuhusu lugha mbili. Kubonyeza vibaya si dhambi, Olive. Hii kompyuta iko hapa ijaribiwe. Lakini mimi sikuwa chumbani. Macho yangu yalikuwa hili daftari. Ukiniandikia usilolijua kana kwamba unalijua, unanifumba macho, na wote tunachagua tukiwa vipofu. Ukiogopa, andika kwamba umeogopa. Andika, *imekataa, sijui kwa nini*. Hilo lingenitosha."

Olive alishika ukurasa ili auchane. Mwalimu alimzuia.

"Usichane. Kata kwa mstari mmoja, maneno yasomeke, uandike ukweli chini yake."

Olive alipokuwa akiandika, Mwalimu alimpigia Bi Zuhura, akamweleza yote bila kuficha, akaomba siku moja zaidi. Olive alisikia sauti kali ikitoka kwenye simu, ikinyamaza, kisha ikacheka. "Haya, kesho saa tisa," Bi Zuhura alisema. "Si dakika moja zaidi."

"Ina asilimia hamsini na tano sasa," alisema Olive, akisoma kioo.

"Usiziandike kama jibu. Ilikuwa imejifunga, haikufanya kazi. Lazima tuanze upya."

Saa kumi umeme ulirudi. Cherehani ya Mama Clémentine ikaanza kunguruma, na Olive akachomeka chaja zote mbili. Akafungua ukurasa mpya, akachora jedwali, akaandika tarehe ya kesho. Nafasi ya Namba Moja akaiacha wazi, na ya Namba Mbili pia. Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe, akaongeza mstari ambao Mwalimu hakuwa ameuweka: *Kabla ya neno la siri, tazama kona.*