Petroli ya Ndege Haiwekwi Kama Ulezi

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Antipasi alifagia kinyesi cha punda kwenye kiwanja cha ndege. Kiwanja kilikuwa nje kidogo ya kijiji, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Misigiri. Alifagia hata wiki ambazo ndege haikuja, na wiki za namna hiyo zilikuwa nyingi. Akimaliza, alifungua banda la bati, akayatazama mapipa ya petroli ya ndege, akafunga tena kwa kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari yake, na wenzake wakamtania kwamba siku moja atasali kwa ufunguo.

Kijiji kilimchagua kwa kazi hiyo kwa sababu moja. Hakuna aliyejua kutunza akiba kama yeye. Kihenge chake cha ulezi kilisifiwa na majirani wote. Ulezi wa mwaka huu watu wa nyumbani kwake walikula. Ulezi wa miaka mitatu nyuma haukuguswa. Huo ulingoja njaa, na njaa ilipokuja ulipikika vizuri tu.

Basi mapipa nayo aliyatunza vivyo hivyo. Lori lilileta mapipa wakati wa kiangazi, kwa kuwa masika yakianza barabara ilikatika. Mapipa mapya yakifika, Antipasi aliyaweka mbele ili yatumike kwanza. Ya zamani aliyasimamisha nyuma kabisa, chini ya ukuta. Yalikuwa mawili. Kila akiyaona moyo wake ulitulia.

Mwezi wa Januari mwaka 1973 mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi binti yake Cecilia alishikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alihangaika usiku ule na mchana uliofuata, na mtoto hakutoka. Asubuhi ya pili nesi wa zahanati, Rahabu, alitoka chumbani akifuta mikono. Alimwambia Antipasi bila kuzunguka kwamba mtoto amekaa vibaya, kwamba panahitajika upasuaji, na kwamba Cecilia akikaa hapo mpaka kesho watampoteza.

Rahabu aliita ndege kwa redio ya upepo ya zahanati. Barabara ya Singida ilikuwa imekatika sehemu mbili, na hakuna lori lililothubutu kupita.

Ndege ilitua saa nane mchana. Ilikuwa ndogo, ya injini moja, na matope yaliruka mpaka kwenye mabawa. Rubani aliitwa Shantilal, kijana aliyezaliwa Singida mjini, ambako baba yake aliuza vitambaa. Aliruka chini, akamwamkia Antipasi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, baba. Mgonjwa yuko tayari."

Shantilal alisema amezunguka mawingu kutoka Tabora na matangi yake yamebaki na kidogo sana. Kidogo hicho hakitoshi kufika Singida kwa usalama. Alihitaji petroli, na aliihitaji upesi, maana upande wa Sekenke mbingu ilikuwa nyeusi. Mvua ile ikifika, hakuna ndege itakayopaa leo.

Cecilia alilazwa kwenye machela chini ya bawa. Mama yake, Martha, alipiga magoti matopeni akamshika kichwa. Antipasi alikimbia bandani. Hofu ilimjaa, lakini na fahari kidogo ilikuwemo, kusema kweli. Siku ya shida ndiyo hii, naye alikuwa na akiba. Alibiringisha pipa moja la zamani mpaka kwenye ndege, akihema.

"Hili sikuligusa hata mara moja," alisema. "Hata kizibo chake hakijafunguliwa."

Shantilal alichutama. Akalikwangua tope ubavuni kwa kucha, akasoma maandishi. Akasoma tena.

"Mzee, pipa hili limejazwa Februari 1970. Lina karibu miaka mitatu."

"Ndiyo. Nimelitunza."

Rubani alifungua kizibo, akaingiza mpira, akavuta petroli kidogo kwenye chupa nyeupe. Aliinyanyua chupa kwenye mwanga, na Antipasi akaiona vizuri. Petroli ya ndege aliyoizoea ilikuwa ya kijani, safi kabisa. Hii ilikuwa imepauka na kugeuka manjano. Chini ya chupa yalitulia maji, na harufu yake ilikuwa ya rangi ya kupaka milango.

"Hii siitii kwenye ndege," alisema Shantilal.

Antipasi alimwambia Singida ni karibu, kwa ndege ni nusu saa tu. Atie hivyo hivyo, Mungu atasaidia. Shantilal alitikisa kichwa. Antipasi akamshika mkono, jambo ambalo mtu mzima wa kule halifanyi kwa kijana asiyemjua.

"Mwanangu anakufa, baba. Unamwona."

"Namwona, mzee. Ndiyo maana siitii." Sauti ya rubani ilikuwa ya chini, lakini haikutetereka. "Sikiliza. Petroli ina sehemu nyepesi, na hizo ndizo zinazoshika moto upesi injini ikiwaka. Ikikaa sana, sehemu hizo ndizo zinazotoroka kwanza. Kinachobaki kinafanya utomvu, nao unaziba vijitundu vya injini. Na maji haya yakifika kwenye injini, itazima. Gari likizima unashuka unasukuma. Sisi tutakuwa juu ya miti, na binti yako ndani."

Antipasi aliuliza maji yameingiaje na kizibo kilikuwa kimefungwa. Shantilal alimwonyesha kichwa cha pipa. Bati la banda lilivuja, na pipa lilisimama wima, kwa hiyo maji ya mvua yalikaa juu yake kama kwenye sahani. Mchana pipa likipata joto, hewa ya ndani inatoka. Usiku likipoa, linavuta hewa kupitia kizibo, na maji yanavutwa pamoja nayo. Pipa hulazwa, alisema, tena kivulini.

"Ulezi wangu unakaa miaka mitano," Antipasi alisema, kama mtu anayejitetea mahakamani.

"Ulezi sawa. Petroli ya ndege, hapana. Pipa ambalo halijafunguliwa tunaliamini mwaka mmoja tangu tarehe ya kujazwa. Likipita hapo, haliingii kwenye ndege mpaka wataalamu walipime. Likishafunguliwa, miezi michache tu. Mzee, hakuna pipa lingine?"

"Liko moja nyuma. La siku moja na hili."

"Lingine zaidi ya hayo?"

Antipasi alinyamaza. Cecilia aliguna, mguno mdogo wa mtu aliyechoka hata kulia. Ngurumo ya kwanza ilisikika. Rahabu alimpima mapigo ya moyo, akamtazama rubani, akatazama mbingu.

Lilikuwepo pipa lingine. Lilikuwa nusu. Rubani mwingine alilifungua mwezi wa Novemba wakati wa kazi ya chanjo. Alipomaliza, alibana kizibo chake kwa spana, akalilaza mwenyewe juu ya magogo kwenye pembe isiyovuja. Antipasi alilifunika kwa gunia ili lisionekane. Kwao mgeni hapewi makombo. Mgeni anapewa kilichofunguliwa mbele yake, na akiba bora kuliko zote. Kumwonyesha rubani nusu pipa lililoachwa na mwingine kulikuwa aibu, na aibu hiyo ilikuwa imemfunga mdomo wakati mwanawe akifa mbele ya macho yake.

Martha alijua habari za pipa hilo. Aliinua uso, akamtazama mumewe.

"Kuna nusu," Antipasi alisema hatimaye. "Lakini ni makombo, baba."

"Lilijazwa lini?"

"Lililetwa Agosti."

Shantilal alikuwa ameshaanza kukimbia. Walilibiringisha pamoja. Tarehe ilisomeka: Julai 1972. Rubani alivuta petroli kwenye chupa nyingine, akaiweka karibu na ile ya kwanza. Ilikuwa ya kijani, yenye kung'aa, na chini hapakuwa na tone la maji. Akamwaga kidogo ya kila chupa kwenye visosa viwili, visahani vya dawa vya Rahabu, wakasubiri ikauke. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko siku mbili zilizopita. Kisosa cha petroli mpya kilikauka kikawa safi. Kile cha pipa la akiba kilibaki na duara la utomvu wa kahawia, na Antipasi alipolishika lilimnata kidoleni.

Aliangalia kidole chake. Hiki ndicho alichokuwa akikitunza miaka mitatu.

Walipampu kwa mkono, wakichuja kwa ngozi laini, mpaka pipa likaisha. Shantilal alichota tena kutoka chini ya tangi, akatazama, akaridhika. Cecilia, Martha na Rahabu wakaingia. Nafasi ya Antipasi haikuwepo. Ndege iliteleza matopeni, ikanyanyuka, na mvua ikamkuta amesimama pale pale katikati ya kiwanja, akisikiliza injini mpaka iliposikika kwa mbali sana. Haikukohoa hata mara moja.

Jioni redio ya zahanati ilimpa habari. Cecilia amepasuliwa. Mtoto ni wa kike, na wote wazima. Antipasi alikaa kwenye benchi la wagonjwa akalia waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

Kesho yake alianza kazi. Aliziba matundu ya bati kwa lami. Mapipa mawili ya zamani aliyatoa nje ya banda, akayapiga msalaba wa rangi nyekundu ili wenye lori wayachukue. Mapipa mapya yalipoletwa, aliyalaza yote, akaandika kwa chaki ukutani tarehe ya kujazwa ya kila moja. Alikuwa mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, na mwandiko wake ulipinda, lakini ulisomeka. La zamani kuliko yote likatangulia kutumika.

Mwaka uliofuata, lori lilichelewa. Pipa lililobaki lilikuwa na miezi kumi na minne. Ndege ikatua kutafuta petroli, imembeba ofisa mmoja mwenye haraka zake. Alipoambiwa kwamba pipa hilo haliwezi kutumika kabla ya kupimwa, alikasirika. Alisema pipa halijafunguliwa, miezi miwili si kitu, na mlinzi wa kiwanja hana amri ya kumchelewesha mkubwa. Aliamuru banda lifunguliwe.

Antipasi aliufunika ufunguo kwa kiganja.

"Lori likija kesho utaondoka, mheshimiwa," alisema. "Leo ukitaka, nifukuze kazi. Lakini huyu rubani wako ni mtoto wa mtu."