Mwikali Wawili, Simu Moja

Jumatatu asubuhi kliniki ile iliyo nyuma ya soko la Machakos hujaa mpaka watu wakalie ngazi. Wathome alipenya hadi dirishani, kidole kimefungwa kitambaa chenye damu, shati lake jeupe la ualimu limeharibika. Nyuma ya dirisha alisimama Kasiva, karani wa rekodi, gauni la buluu, nywele za mistari, rundo la faili mikononi.

"Wathome yupi?" akauliza. "Hapa niko na Wathome kumi na moja."

"Yule mzuri."

Faili haikupatikana, ila kidole kilishonwa, na kabla ya wiki kwisha alikuwa amerudi mara mbili bila kidonda chochote. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Manesi walianza kucheka hata kabla hajaingia. Alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo cha jirani, na akamwomba mkurugenzi wa kliniki amruhusu kuwajengea hifadhidata ya kompyuta. Faili za karatasi zingebaki stoo.

Jioni walikuwa wakikaa kwenye kibanda cha chai, Wathome akichora masanduku nyuma ya karatasi za mtihani. Jedwali la wagonjwa hapa, la ziara pale, la dawa kule. Kila jambo liandikwe mahali pamoja tu. Kisha majedwali yaunganishwe kwa ufunguo, yaani alama moja ambayo watu wawili hawawezi kuwa nayo. Kasiva alielewa upesi kuliko wanafunzi wake, na Wathome alizidi kumpenda kwa hilo.

Ugomvi ulikuja juu ya ufunguo huohuo. Kasiva alitaka kila mgonjwa apewe namba yake mpya. Wathome akasema watu husahau kadi nyumbani lakini simu hawaisahau, kwa hiyo ufunguo uwe jina pamoja na namba ya simu.

"Kwetu Kathiani boma nzima iko na simu moja," Kasiva akasema. "Na mtoto anapewa jina la nyanya yake. Utawatenganisha aje?"

Alikuwa ameyasema hayo mbele ya mkurugenzi. Wathome aliona haya, na haya ya mwanamume mwenye digrii ni kitu kibaya sana. Akajibu kwamba kazi ya karani ni kuandika, kupanga data awaachie waliosomea. Kasiva alinyamaza. Alinyamaza wiki tatu, simu za Wathome hazishiki, na mfumo ukaanza kutumika vilevile ulivyokuwa.

Siku ya soko la Masii, Kasiva alikuwa huko akiandikisha akina mama wajawazito chini ya hema la kliniki. Simu ikalia. Ni Ndanu, mke wa kaka yake. Mama amezidiwa na kifua, akasema, wamemleta kliniki, homa imempanda mpaka anaongea ovyo. Nesi anatayarisha sindano.

"Usiogope, tumeshughulikiwa mbio," Ndanu akaongeza. "Hata tumecheka. Kompyuta ilisema mama ako na miaka tisa. Karani mwenzako akarekebisha."

Kasiva aliacha kuandika. Mama yake aliitwa Mwikali Muthoka. Binti wa kwanza wa Ndanu, mwenye miaka tisa, aliitwa Mwikali Muthoka, jina la nyanya yake, na wote waliandikishwa kwa simu hiyohiyo ya nyumbani. Wiki iliyopita mtoto alikuwa ameletwa na mafua. Kompyuta ilikuwa imewafanya mtu mmoja, na yale ya mtoto yakafuta ya nyanya. Mama yake hapatani na penisilini, na ndiyo sindano ya kifua inayodungwa pale kliniki kila siku. Iliwahi kumvimbisha koo mpaka akakaribia kufa, na neno hilo sasa lilikuwa kwenye karatasi stoo, si kwenye kompyuta.

"Ndanu, waambie wasimdunge," akasema, lakini simu ile moja ya boma ilikuwa imezimika. Akapiga ya kliniki, inatumika. Akapiga tena, inatumika. Akaitafuta namba aliyoapa hataipiga.

"Kasiva?" Wathome akaitika upesi.

"Kimbia kliniki. Mama yangu anadungwa penisilini, itamuua. Ufunguo wako umemchanganya na mtoto."

Hakuuliza swali. Kasiva alisikia kiti kikianguka, kisha simu ikakatika.

Alisimama kati ya mafungu ya maharagwe, watu wakimpita, akiogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Aliomba. Alimlaani Wathome, akajilaani mwenyewe kwa kunyamaza, akaomba tena. Dakika kumi na moja.

"Hajadungwa," Wathome akasema simu ilipolia, akihema. "Sindano ilikuwa mkononi. Nesi Ruweida aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni mimi niliyeharibu rekodi. Amempa dawa nyingine."

Kasiva alikaa chini na kulia palepale mavumbini.

Alipofika Machakos alasiri, mama akiwa amelala, alimkuta Wathome sakafuni stoo, tai imetupwa, faili zimemzunguka. Alikuwa amemwomba mkurugenzi azime mfumo.

"Wako wengine," akasema bila kumtazama. "Nimeshapata arobaini na tatu. Watu wawili kwa mstari mmoja. Kasiva, sijui kama kuna mtu ameshadhurika."

"Umewapigia?"

"Naogopa kupiga."

Kasiva alitaka kumgombeza. Maneno aliyapanga njia nzima. Badala yake akaketi kando yake, akachukua nusu ya faili.

"Mimi napiga, wewe unaandika namba mpya. Kila mtu na yake. Na siku nyingine ukinidharau mbele ya watu, sitanyamaza."

"Usinyamaze," akasema. "Nilikosa, mpenzi. Nilikosa vibaya."

Walipiga simu mpaka sauti ikamkauka Kasiva. Kila ilipoitikiwa, Wathome alifumba macho mpaka asikie mtu huyo ni mzima. Kumi na mbili hazikupatikana. Hizo wangezifuata kwa miguu kesho, kijiji kwa kijiji.

Ndipo wakaingia wodini. Homa ilikuwa imeshuka, na mama alimkagua mgeni kuanzia viatu hadi mikono ambayo bado haikutulia.

"Huyu anayetetemeka ni nani?"

Wathome alifungua mdomo akiri kosa lake, lakini Kasiva akamtangulia.

"Ni mtu wangu, mwaitu."

Mama alifikiri kidogo. "Basi mpe kiti," akasema, "kabla hajaanguka."