Kipande cha Kioo cha Shaib

"Mkonge kwa Wembe. Wembe uingie saa tatu."

Sauti ilitoka kwenye redio ya Motorola iliyolala chini ya pakiti ya ubani, ndani ya mkoba wa Khuloud Mutasim. Wembe ndiye yeye. Hilo ndilo jina lake kazini, na waliompa hawakukosea.

"Wembe amesikia," alijibu. "Noa je?"

"Noa hayumo kwenye agizo," akasema Hatibu, mkuu wake. "Ukimwona, humjui."

Khuloud aliizima redio, akaisukuma chini ya kiti cha Peugeot 504, akajitanda buibui na kushuka. Bastola yake aina ya Makarov aliiacha humo humo. Alikokuwa akienda watampekua mpaka ndani ya mshono.

Nyumba ilikuwa Chumbageni, ya ghorofa moja, madirisha yamepigiliwa mbao. Asubuhi ya Jumanne, jua kali, watu wanapita na vikapu vyao hawana hili wala lile.

Mwaka ulikuwa 1995. Ruksa ilikuwa ruksa. Bandari imefunguliwa, na kila asiye na haya amekuwa mwagizaji. Mmoja wao, Ernesti, hakuwa na haya hata ya kuazima. Aliingiza vidonge vya malaria vya chokaa tupu, boksi zuri, nembo nzuri, bei ya kutupa. Kule Mwera, wilayani Pangani, watoto kumi na mmoja walivimeza. Wote kumi na mmoja walizikwa. Mama mmoja alizika wawili kwa siku moja, akarudi nyumbani na mikeka mitupu.

Sasa Ernesti anakimbia, yeye na wenzake wanne, kupitia mpaka wa Horohoro. Pasi tupu za kusafiria walikwisha kuziiba. Zilibaki picha na majina. Idara ya Usalama haikuwa na picha yake, wala mtu wa kuapa kwamba amewahi kumwona. Akivuka, yale makaburi yatabaki bila mwenye kuyajibia.

Noa alitangulia kuingia, wiki mbili nyuma, kama fundi wa kompyuta. Walimkamata na disketi ndani ya kiatu. Kwa kuwa mafundi wa kompyuta Tanga nzima walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, na Idara ilikwisha kuwasafirisha wote waliobaki, simu yao ya pili ya kutafuta fundi ikamwangukia Khuloud.

Aligonga mlango mara mbili.

"Nani?"

"Fundi."

Mlango ulifunguka. Mwanamume mnene, kovu jeupe limekata nyusi yake ya kushoto. Huyu ni Shaib, mkono wa kulia wa Ernesti.

"Mwanamke?" alisema.

"Mashine haiulizi hilo, kaka."

Alimpekua bila adabu. Akavunja kisigino cha kila kiatu, akachana pindo la buibui kwa kisu. Hakupata kitu. Khuloud alitazama ukuta muda wote huo, akimwekea deni moyoni.

Juu, chumbani, kulikuwa na Macintosh mpya, skana na printa ya rangi. Pembeni, bati la makaa linawaka.

Na sakafuni alikuwapo Noa.

Amefungwa kwenye mguu wa meza. Miwani imevunjika kioo kimoja. Mkono wa kushoto umezungushiwa kitambaa cheusi kwa damu, na vidole vilivyotokeza vilikuwa vitatu.

"Unamjua?" Shaib aliuliza.

"Simjui."

"Basi mpige."

Khuloud hakusita hata kidogo. Alimpiga kofi lililomgeuza kichwa. Noa alitema damu kwenye pindo la buibui lake na kumtukania mama. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka sita, na mama huyo ndiye aliyempikia Noa futari kila Ramadhani.

Shaib aliridhika. "Sasa sikia, bibie. Wewe hutaona sura ya mtu hapa. Kazi yako ni kuipanga hiyo programu ya picha. Kila setingi iwe tayari tangu inapofunguliwa. Mimi niweke picha kwenye skana, nibonyeze, itoke. Nisichague kitu."

"Na picha za asili?"

"Zinaingia motoni pale pale. Ikitoka mpya, mwenyewe anaiangalia, anaitia kwenye bahasha, anagundisha. Hakuna anayeona ya mwenzake. Hata mimi nabonyeza tu, natazama pembeni. Ndiyo amri ya mzee."

Khuloud alikaa. Akaelewa kazi yake ilivyo nyembamba. Hatatoka na picha. Hatatoka na disketi. Kitu chake pekee kitakachobaki ndani ya nyumba hii ni zile setingi za mwanzo.

Alianza.

Vipimo: alitoa inchi, akaweka sentimita. Ukubwa: tatu na nusu kwa nne na nusu. Nukta: mia tatu kwa kila inchi. Rangi ya nyuma: buluu iliyopauka, ile ya studio za serikali. Kila moja aliihifadhi iwe ya kudumu, akafunga programu, akaifungua tena kuona kama imeshika.

"Hiyo ya nini?" Shaib aliuliza kila mara, na kila mara alijibiwa.

Mpango wa Idara ulikuwa rahisi. Nukta moja nyeusi, ndogo kama yai la chawa, kwenye kona ya chini ya fremu. Ofisa wa Horohoro angeitafuta kwa lenzi. Khuloud aliitia wakati Shaib anapuliza makaa.

Akachapa karatasi tupu ya kujaribu.

Shaib aliichukua. Akatoa mfukoni lenzi ya fundi saa.

"Hapa kuna kitu," alisema Shaib.

"Uchafu wa printa."

"Chapa nyingine."

Alichapa. Nukta ilikuwa pale pale.

Shaib hakupiga kelele. Alikwenda kwa Noa, akaukanyaga mkono wake uliokuwa bado mzima, akainama na kisu. Sauti ya mfupa ilikuwa ndogo tu. Noa alijing'ata mpaka mdomo ukapasuka.

"Uchafu ukitokea tena," alisema Shaib akifuta kisu, "nitasafisha hivi hivi. Akiisha huyu, unafuata wewe."

"Nitaiondoa," Khuloud alisema. Akarudi kwenye setingi.

Nukta ikaondoka. Na pamoja nayo, mpango mzima wa Idara. Sasa Ernesti angevuka mpaka akiwa msafi kama aliyezaliwa jana.

"Jaribu na yangu," Shaib alisema. Alitoa picha yake ya zamani, akaiweka kwenye skana, na taa ilipopita tu, akaitupa kwenye makaa. Ikajikunja, ikaisha.

Printa ililia, ikatoa picha mpya. Safi. Hakuna doa.

Shaib aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akachomoa dirishani kipande cha kioo alichotumia kunyolea ndevu, akakiweka sambamba na picha. Akatazama hiki, akatazama kile. Uso ukamvimba.

"Unanifanya mjinga?"

"Kuna nini, kaka?"

"Kovu! Kioo kinaonyesha kovu upande huu. Picha yako imeliweka upande ule. Umenigeuza!"

Khuloud alifungua mdomo kumweleza. Mtoto wa studio yeyote pale mjini angemweleza: kioo ndicho kinachogeuza, picha ndiyo inayosema kweli. Mtu anaweza kuishi miaka hamsini asijue sura yake kama watu wanavyoiona.

Akaufunga mdomo.

Ndani ya kichwa chake kitu kilikuwa kimewaka.

Lakini akikubali upesi mno, Shaib atashtuka. Fundi mwongo hukubali upesi.

"Picha iko sawa," alisema kwa ukaidi. "Ndivyo zilivyo picha zote."

Kisu kikatoka tena.

Hapo ndipo sauti ilipotoka sakafuni. Ya kukwaruza, yenye damu ndani yake.

"Fundi gani wewe, dada?" alisema Noa. "Hujui hata hilo? Skana imepindua. Sura ya mtu ni ile anayoiona kwenye kioo. Nenda kwenye setingi za karatasi. Weka alama kwenye kugeuza kushoto kulia. Halafu hifadhi, iwe ya kudumu. Usiniongezee mateso kwa ujinga wako."

Khuloud alimtazama. Jicho lile lililokuwa nyuma ya kioo kizima cha miwani lilimtazama pia. Halikupepesa.

Shaib alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Unaona? Hata huyu wa kuchinjwa anakushinda kazi!"

"Nisamehe, kaka," Khuloud alisema, akainamisha kichwa kama aliyeona haya.

Alifungua setingi za karatasi. Akaweka alama ile moja. Kwenye skrini hakikubadilika kitu, maana kugeuza kulifanyika kwenye karatasi tu. Akahifadhi. Akafunga. Akafungua. Imeshika.

Akachapa.

Shaib aliweka picha kando ya kioo. Kovu na kovu. Sikio na sikio.

"Ehee," alisema. "Sasa ndiye mimi."

Alimtoa nje kwa mlango wa nyuma, akimsukuma. Khuloud hakuthubutu kumtazama Noa mara ya pili.

Dakika nne baadaye alikuwa ndani ya Peugeot, redio mdomoni.

"Wembe kwa Mkonge. Nukta imekufa. Mwambie Abrahamu wa Horohoro atupe lenzi, atumie macho. Atazame mashati. Mwanamume hulaza upande wa kushoto juu ya kulia. Kwenye pasi zao itakuwa kinyume, kama blauzi ya mwanamke. Alama zote za uso zitakuwa upande usio wake."

"Imepokelewa. Hongera."

"Noa yu hai. Nipe watu watatu, nusu saa tu."

"Hapana."

"Mkuu, wanamkata kama muhogo."

"Tukivamia tunapata Shaib na mashine. Ernesti hayumo mle. Akisikia, anapotea, na pasi anatafuta nyingine." Kisha Hatibu akasema taratibu, "Watoto kumi na mmoja, Khuloud."

Aliizima redio. Akakaa pale mpaka usukani ukamchoma viganja, akimchukia Hatibu kwa kuwa alikuwa sahihi.

Horohoro. Ijumaa, saa tano asubuhi.

Abrahamu, ofisa wa uhamiaji, alikuwa mzee mpole mwenye sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Alisimama dirishani na muhuri wake. Khuloud alikaa nyuma yake kwenye kivuli, akijipepea na faili.

Wa kwanza alikuwa Shaib.

Pasi ilisema yeye ni mfanyabiashara wa vitunguu. Kovu kwenye nyusi ya kushoto. Kwenye picha, nyusi ya kulia.

"Safari njema," alisema Abrahamu, akagonga muhuri.

Alikamatwa hatua mia mbili mbele, nyuma ya lori la saruji, bila kelele, ili wa nyuma yake wasishtuke. Wakafuata watatu wengine, mmoja mmoja, kila mmoja kwenye picha amefunga shati kike. Safari njema. Safari njema. Safari njema.

Khuloud alitoka akaenda kwenye lori. Shaib alikuwa kwenye vumbi, pingu mikononi. Alipomtambua, alijikokota nyuma.

"Noa yuko wapi?"

"Sijui."

Alimkanyaga mkono, kwa kisigino, kama yeye alivyomkanyaga mwenziwe. Akauzungusha. Mifupa miwili ikaitika.

"Kisimani," Shaib alilia. "Nyuma ya nyumba. Jana. Mzee alisema tusiache mtu."

Khuloud hakuondoa mguu.

"Alisema nini mwishoni?"

"Hakusema. Alikuwa akicheka. Kila mmoja alipokuja na kutazama picha yake na kukishika kile kioo, yeye pale chini anacheka. Tulimpiga, anacheka. Nilidhani wazimu. Hata mzee alipomfunga jiwe mwenyewe, alicheka." Shaib aliinua macho kwake. "Alikuwa akicheka nini?"

"Wewe," alisema Khuloud.

Alimpekua yeye sasa. Kwenye mfuko wa koti alikuta kile kipande cha kioo. Kwenye mfuko mwingine miwani, kioo kimoja kimevunjika. Shaib ni mtu wa kubeba hata vya maiti.

Saa sita kasoro dakika chache, Khuloud amekwisha kurudi kivulini, Datsun nyeupe ilisimama. Alishuka mzee mrefu, suti ya kijivu, tasbihi mkononi, sikio la kushoto limekatika ncha.

"Shikamoo, mzee," alisema Abrahamu.

"Marahaba, mwanangu. Naenda kumwona mgonjwa Mombasa."

Abrahamu alifungua pasi. Hajji fulani, mzaliwa wa Amani. Kwenye picha, sikio lililokatika lilikuwa la kulia.

Muhuri haukushuka.

"Mzee, huyu ni wewe?"

"Ni mimi. Sura hii nimeijua miaka sitini."

"Ndiyo," alisema Khuloud akitoka kivulini. "Umeijua wewe tu."

Alimsogezea kile kipande cha kioo, akaweka pasi kando yake. Ernesti alitazama. Kioo na picha vilikubaliana kabisa. Kisha alitazama sura za watu waliokuwa mbele yake, na jinsi walivyomtazama sikio. Mkono ulikwenda wenyewe kulishika. La kushoto. Akatazama tena pasi.

Alielewa. Akaushika ukingo wa dirisha.

"Binti," alinong'ona. "Nina wajukuu."

"Wale wa Mwera walikuwa na babu zao pia."

Aliomba maji. Hakupewa. Khuloud alitoa mkobani boksi zuri lenye nembo nzuri, akaliweka mbele yake.

"Akipata homa gerezani," alimwambia Abrahamu, "mpeni dawa hizi. Asipewe nyingine."

Akavaa miwani yake ya jua, akaifunga ile ya Noa kwenye leso na kuitia kwenye mkoba. Akatembea kuelekea kwenye Peugeot bila haraka. Redio ilikuwa ikiita.

"Mkonge kwa Wembe. Taarifa?"

"Watano," alisema. "Tafuta kamba ndefu na watu wanne. Tunakwenda kisimani."

Akawasha gari, akageuza kurudi Tanga.