Karatasi ya Kwanza Niliitupa

Nina miaka arobaini na minane, baba wa watoto watatu, na nimechoka. Nimechoka kuulizwa sokoni na kanisani, "Mama Atieno anaendeleaje?" Mimi hujibu kwamba anaendelea vizuri. Ukweli sijamwambia mtu... nawaambia ninyi kwanza.

Nina duka la vyakula vya mifugo hapa Kisumu. Mke wangu Akinyi, ndiye huyo Mama Atieno, alikuwa na cherehani kwenye veranda ya duka hilo hilo, akishona sare za shule. Miaka michache iliyopita majambazi walituvamia, wakanipiga rungu hadi nikazirai. Nilipopona niliomba kibali cha bastola. Nikangoja sana, nikapewa.

Akinyi aliiogopa ile bastola. Ili kumtuliza, nikaanza kwenda mazoezini kila Jumamosi, kwenye uwanja wa kulenga shabaha, njia ya kwenda Maseno. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Okoth, mwanajeshi mstaafu.

Mzee alikuwa na sheria moja iliyonikera. Ukifika hukuruhusiwa hata kunyoosha vidole! Unashuka garini, anapuliza filimbi, unachomoa bastola chini ya shati na kupiga risasi tano kwenye karatasi ya shabaha. Mkono baridi hivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo tulipasha mkono moto, tukabandika karatasi nyingine na kupiga kwa raha zetu.

Karatasi yangu ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Shati lilinasa, kidole kilivuta kwa pupa, na risasi zikaenda kushoto. Kila Jumamosi, kushoto! Lakini mkono ukishapata moto... karatasi ya pili ungeweza kuyafunika matundu yote kwa kiganja kimoja.

"Omera, ndugu yangu," Mzee aliniambia, "hii ya kwanza ndiyo wewe. Mwizi atakungoja upashe mkono?"

Nilicheka. Ya kwanza niliirarua pale pale. Ya pili nikaikunja vizuri na kumpelekea mke wangu. Nikafanya hivyo kila wiki. Iliyo nzuri zaidi aliitia fremu, akaitundika sebuleni kando ya picha yetu ya harusi. Wageni wakija anawaonyesha, nami nakunywa chai yangu, kimya. Nilijiambia huo si uongo. Risasi si ni zangu?

Ikafika Jumanne moja, saa nane mchana, nimetoka tu kula. Vijana wawili wakasimamisha pikipiki mbele ya duka. Mmoja alibaki juu yake, mwenzake akapanda verandani na panga, akamwambia Akinyi atoe simu.

Akinyi wa zamani angetoa! Mwenyewe ndiye aliyekuwa akituambia kwamba simu hununuliwa nyingine. Siku hiyo aliikumbatia, akapaza sauti.

"Baba Atieno, kuja! Sitoi kitu mimi! Bwana yangu anajua kupiga!"

Nikatoka mbio. Shati likanasa. Nikachomoa. Kijana alikuwa hatua nne mbele yangu, na Akinyi alikuwa kando yake, upande wangu wa kushoto, mkono wake wa kulia juu ya cherehani. Nikavuta...

Ikaenda kushoto.

Vijana walitoroka. Simu ilibaki. Mke wangu aliketi sakafuni akiutazama mkono wake, hata hakulia.

Hospitalini walimwondoa vidole viwili, na gumba halikunjiki tena. Askari walipokuja kuandika maelezo, alinitetea kitandani pale. "Ni bahati mbaya tu, afande. Bwana yangu hakosangi." Nilikuwa nimesimama kando yake. Mungu wangu, mbona sikusema?

Bastola niliirudisha pamoja na kibali. Mzee Okoth alikuja kututembelea na ndizi. Aliitazama ile fremu ukutani muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Heri angenitukana!

Siku hizi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni asubuhi. Ugali anakula kwa mkono wa kushoto, na wageni wakiwepo hali, anasubiri waondoke. Cherehani tumekifunika kwa leso.

Juzi nilitaka kuishusha ile fremu. Akanizuia.

"Wacha hapo," alisema. "Hiyo ndiyo wewe. Ile siku nyingine ilikuwa ya shetani."

Sijalala vizuri tangu hapo.

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Kama una silaha, jipime mkono ukiwa baridi, na uamini utakachokiona, hata kikikuaibisha. Na kama kuna mtu nyumbani anayekutegemea, mwonyeshe ile karatasi mbaya! Angeijua yangu, Akinyi angetoa simu, na leo angekuwa anashona. Nawasihi, msinifuate mimi.

Akinyi hupenda sana kurasa hizi. Hunisomea kwa sauti kila zinapotoka, nami humshikia gazeti kwa sababu mkono wake hauwezi. Majina yetu sijayabadilisha. Hii ikitoka nitamshikia kama kawaida, nimngoje afike mwisho.