Harusi Yangu Niliisikia Sokoni

"Ero, Lemein! Hongera! Lakini unaoa aje na mimi binamu yako sijaalikwa?"

Nilikuwa soko ya ng'ombe pale Bissil, kamba ya ndama mkaidi kwa mkono mmoja, simu kwa ule mwingine. Aliyepiga ni Katoo, yule binamu yangu wa Nairobi. Nikadhani amelewa asubuhi.

"Naoa nani?"

"Wacha kujifanya. 'Selpha Ojwang na Lemein Parmuat, tarehe kumi na mbili Desemba, Kajiado.' Nimesoma na macho yangu. Picha yako iko hapo, umecheka mpaka jino la nyuma linaonekana."

"Umesoma wapi?"

"Kwa tovuti ya harusi yenu! Nimeituma kwa grupu ya familia. Mama yako ameshaiona."

Niliachilia kamba. Ndama akachomoka, watu wakamkimbiza huku wakinitukana, na mimi nimesimama tu kama mlingoti. Kwa sababu wacha niwaambie ukweli, Selpha hakuwa amenisemesha kwa miezi mitano.

Mitano! Na si eti tuligombana. Tulijuana Kitengela, kwa bucha ya rafiki yangu Kinyanjui ambako napeleka mbuzi. Selpha alikuja kununua nusu kilo, akaniangalia, akauliza, "Huyu mbuzi alichinjwa ama alikufa tu kwa uzee?" Nikapenda hapo hapo. Alikuwa anashona nguo kwa kiwanda kimoja huko Athi River. Novemba wakapunguza watu, na yeye akawa mmoja wao. Krismasi nikamleta nyumbani kwetu amsalimie mama. Januari nikaenda kwake kumwambia tuoane.

Badala ya jibu akanionyesha karatasi kubwa amebandika kwa ukuta.

"Hiyo ni nini?"

"Malengo yangu. Nataka kuwa mtu wa kutengeneza tovuti. Mwezi wa kwanza na wa pili najifunza HTML na CSS. Wa tatu na wa nne, JavaScript. Wa tano natengeneza tovuti nzima bila kusaidiwa na mtu. Wa sita natafuta kazi."

"Na nani atakufunza?"

"Mimi mwenyewe. YouTube na bando."

"Sawa. Na mimi niko mwezi wa ngapi?"

Nilikuwa natania. Yeye hakucheka.

"Nipe miezi sita, Lemein. Usinipigie, usikuje. Nikisikia sauti yako nafunga laptop, tunaongea masaa matatu, na sijaandika hata mstari mmoja."

"Miezi sita hata salamu?"

"Hata salamu. Tafadhali."

Nikasema sawa. Mimi niko na hiyo ugonjwa, nikishasema sawa siwezi kurudi nyuma, hata kama roho inaniuma. Kila wiki nikipeleka mbuzi Kitengela nilikuwa napitia barabara ya nyuma, nisione geti lake. Halafu narudi napitia hiyo ya mbele. Naandika meseji, nafuta. Naingia hoteli naagiza chai ya watu wawili kwa mazoea, halafu nakunywa zote mbili kwa hasira. Vijana wa soko walikuwa wananiita Mzee Kimya. Nilikuwa mpweke, sina neno lingine la kuweka hapo.

Sasa simu ikalia tena. Ni mama.

"Lemein. Kuja nyumbani. Sasa."

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, miwani kwa pua, simu mkononi.

"Sisi tumekuwa watu wa kuiba wasichana?"

"Yeyo, mimi sijui kitu."

"Harusi imetangazwa dunia nzima, na hakuna mtu wa hii boma amefika kwao! Hatujaenda kuomba, hatujapeleka hata pakiti ya sukari. Baba yake akisoma hii atasema baba yenu alikufa akawaacha bila wa kuwafunza. Enda umuulize huyo msichana. Kama ni kweli, tupange safari ya kwao. Kama si kweli, aitoe hiyo kitu leo."

Nilioga. Nikavaa shati ile ya bluu. Mtu mwenye hasira haogi hivyo, na mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilijiambia huyu msichana amechoka kungoja, ameamua kunijibu kwa njia yake.

Selpha alifungua mlango, akashtuka. Amekonda, kitambaa kwa kichwa, macho mekundu ya kuangalia kioo cha laptop.

"Lemein! Bado mwezi mmoja!"

"Nimekuja kuuliza. Siku ya harusi yangu nifike saa ngapi?"

"Harusi gani?"

Nikampa simu. Aliangalia. Akakaa chini polepole.

"Mungu wangu. Nani amekutumia?"

"Iko kwa grupu ya familia. Mama ameona, shangazi ameona, hata pasta amenipongeza."

"Lemein, hii ni zoezi."

"Zoezi?"

"Mwezi wa tano. Unatengeneza tovuti kama ya mteja wa kweli, halafu unaituma kwa grupu ya wenzako wanaojifunza mtandaoni wakuambie umekosea wapi. Nikachagua ya harusi. Nilihitaji majina, nikaweka tu hayo yaliyokuja. Sikujua kuna mtu wa Kajiado huko ndani, ataisambaza."

"Ungeweka majina ya uongo."

"Ningeweka. Sikufikiria."

Pale ndipo ile furaha iliniisha. Nilijiona nimesimama kwa nyumba ya watu na shati ya bluu.

"Kwa hivyo harusi ni zoezi. Na mimi je? Mimi pia nilikuwa zoezi?"

"Usiseme hivyo!"

"Niseme aje? Miezi mitano, Selpha! Hata mtu wa jela hutembelewa!"

Akavua kile kitambaa cha kichwa, akakikunja.

"Unakumbuka Krismasi? Nikiwa kwenu? Mama yako alikuwa jikoni na shangazi yako. Akamwambia, 'Huyu amefutwa kazi juzi, leo yuko hapa. Anatafuta mume ama anatafuta ng'ombe zetu?'"

"Nani alikuambia hiyo maneno?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilisikia. Aliongea Kimaasai, alidhani sielewi. Wewe ndiye ulinifunza."

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungegombana naye. Halafu mimi nikuwe msichana hana kazi na pia amegombanisha watu kwao. Nilitaka kurudi pale niko na kazi yangu, nikae kwa kiti kama mtu."

"Na mimi nikae wapi hiyo miezi yote?"

Aliangalia ile karatasi yake ya ukuta kana kwamba jibu liko huko. Hiyo ndiyo ilinichoma zaidi.

"Ifute," nikamwambia.

"Lemein..."

"Mama amesema itolewe leo. Ifute."

Alifungua laptop, akabonyeza mara mbili, tatu. Nikajaribu kuifungua kwa simu yangu, ikaandika ukurasa haupo. Nikatoka. Nilitembea polepole sana mpaka barabara ya Namanga, nikingoja aniite. Hakuniita.

Nyumbani nilimwambia mama yote, pamoja na yale aliyosema jikoni. Mama aliendelea kuchambua maharagwe, kisha akaniambia nipeleke ng'ombe maji.

Juni ikaisha. Mwezi wa sita wa Selpha ukapita, simu haikulia. Kumbe kungoja kukiwa na tarehe ni afadhali! Sasa nilikuwa nangoja tu, hata sijui nangoja nini. Nilienda Loitokitok na mzigo wa mbuzi, nikalala huko siku tatu, nikarudi, na hakuna mtu hata mmoja nilitaka kumhadithia safari isipokuwa yeye. Namba yake niliifuta. Haikusaidia kitu, niko nayo kwa kichwa.

Halafu siku moja ya soko, Julai, meseji ikaingia: "Uko Bissil leo?"

Nikajibu: "Niko."

Saa nne namwona huyo anapita katikati ya ng'ombe na raba nyeupe. Samahani, zilikuwa nyeupe kabla ya kukanyaga mavi ya ng'ombe. Vijana wote wamenyamaza wanaangalia.

"Umepata kazi?" nikamuuliza. Hata salamu sikumpa, bado nilikuwa na kisirani.

"Sijapata. Nimetuma maombi kumi na tisa. Kumi na sita kimya, watatu wameniambia asante."

"Basi malengo hayajaisha. Umekuja kufanya nini?"

"Hayajaisha. Pengine yaende mpaka mwaka ujao. Nilikuwa nangoja niwe na habari nzuri ndio nikutafute, Lemein, na habari nzuri haikuja. Ile nyumba imekuwa kimya mpaka najua jirani anakohoa saa ngapi. Siku moja nimeweza kitu kilikuwa kimenishinda wiki nzima, nikaruka, nikapiga makofi, halafu nikakaa. Hakukuwa na mtu wa kuambia."

"Ungenipigia."

"Niliona aibu. Wewe ulitembea na mimi sikukuita. Nilisimama kwa mlango, mdomo ukakataa." Akafuta macho. "Ile tovuti, si kweli nilikosa majina. Nilitaka kuona jina langu kando ya lako. Nilipoifuta nililia siku mbili. Nakupenda. Sasa nipeleke kwa mama yako."

"Kufanya nini?"

"Kumwambia mwenyewe sina kazi."

Jamani, nilimwacha mnunuzi amesimama na ng'ombe wake.

Mama alikuwa amekaa na chai. Alipomwona Selpha aliweka kikombe chini.

"Takwenya," akamsalimia kwa Kimaasai.

"Iko," Selpha akajibu, akainamisha kichwa asalimiwe. Mama alimwekea mkono, akaukawiza hapo kidogo.

"Mama, mimi sina kazi," Selpha akasema kabla hata ya kukaa. "Najifunza kutengeneza tovuti, najifunza peke yangu, na sijui itachukua muda gani. Nampenda Lemein. Kama hunitaki, niambie kwa Kimaasai. Nitaelewa."

Mama alimsogezea kiti.

"Kumbe ulisikia."

"Nilisikia."

"Nilisema vibaya. Mimi mwenyewe niliolewa hapa na nguo moja, na walinisema hivyo hivyo. Nililia. Halafu na mimi nikakuja kusema mtoto wa wenyewe. Nisamehe."

Selpha akaanza kulia. Mama akanyoosha kidole.

"Ngoja, usilie, sijamaliza. Na wewe umekosa. Umemnyamazia mtoto wangu nusu mwaka. Nilikuwa namsikia kule kwa boma la ng'ombe anawahadithia vile siku yake ilienda. Mtu mzima, na ndevu zake!"

"Yeyo!"

"Nyamaza, wewe. Selpha, soma. Soma hata miaka miwili. Lakini usisome kama mtu hana watu. Kwenu wanapenda nini, wageni wakija?"

Selpha alikuwa bado anafuta machozi. Mama akanigeukia mimi.

"Wanapenda nini?"

"Sijui, Yeyo. Sijawahi kufika."

"Si unaona! Mnapendana na hata mlango wa kwao huujui. Jumamosi tunaenda."

Selpha akatoa simu, akampigia baba yake hapo hapo, akaweka sauti juu tusikie wote. Mzee Ojwang yuko Ugunja, na nyuma yake kuku walikuwa wanapiga kelele.

"Baba, Jumamosi kuna wageni wanakuja kutoka Kajiado. Wanakuja kuongea na wewe."

Mzee akafukuza kuku kwanza.

"Ni wangapi?" mzee akauliza.

Selpha akatuangalia. Mama akanyoosha vidole vya mkono mmoja, akaongeza vya mkono wa pili, kisha akawaza kidogo, akanyoosha vyote tena.

"Ni wengi, Baba," Selpha akasema, machozi na kicheko pamoja. "Niko na watu wengi."