Plagi Mkononi

Anayebisha akamuulize rafiki yangu mwenyewe. Alikuwa akiishi ugenini, umeme ukazidi nguvu mchana kweupe, mashine yake ya kufulia ikazimika. Akaita fundi wa kampuni, maana dhamana ya mashine ilikuwa haijaisha. Fundi huyo, kabla ya kugusa chochote, alichomoa plagi akamkabidhi.

“Ishike kama mtoto mchanga, dada. Kuna mteja aliwahi kunichomekea nikiwa kazini.”

Akaingiza mkono tumboni mwa mashine hadi begani. Ghafla taa ikazimika, na chumba kile hakikuwa na dirisha. Gizani mashine ikanguruma, ikazunguka kwa kasi. Mfupa ukalia kama kuni kavu.

“Chomoa!” fundi alipiga ukelele. “Dada, chomoa!”

Plagi ilikuwa bado kiganjani mwa rafiki yangu.