Goti la Nasteho

Kitendawili! Nawasikia mkisema tega. Haya: kisima changu kimo ndani ya mwamba mweupe, nakwenda nacho kila mahali, wala sijapata kukiona. Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Nimepewa Garissa, nimeingia soko la mifugo, nimekula nyama ya ngamia nikashiba. Jibu ni uboho, ule mlaini ulio ndani ya mfupa. Nyinyi huugonga sahanini mkaufyonza, kumbe damu ya mtu hutengenezwa humo.

Kisima cha Isse kilikuwa kimekauka. Alikuwa mtoto wa miaka minane, na uboho wake haukutengeneza tena damu ya kumtosha. Ndipo mama yake, Abshiro, alipofunga safari naye kutoka Garissa hadi Delhi, nchini India, pamoja na Nasteho, dada mkubwa wa Isse. Madaktari walikuwa wamepima jamaa wote. Uboho uliopatana na wa Isse ulikuwa wa Nasteho peke yake, na sehemu yake ndiyo ambayo Isse angetiwa.

Wakati Isse akiandaliwa, kila asubuhi Nasteho alifua nguo katika chumba walichopanga, akapika anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali, akampelekea mama hospitalini. Jioni alikwenda klabu ya judo iliyokuwa mtaa wa pili. Judo alikuwa ameianza shuleni Garissa, juu ya magodoro. Hapa palikuwa na mikeka ya kweli, na kocha mwanamke, Kavita, ambaye hakuona shida na hijabu yake.

"Kenya!" Meera, msichana wa rika lake, alimtania. "Leo nakuangusha mpaka umwite ngamia wako!"

"Ngamia wangu akija, wewe utalala juu ya paa," Nasteho alijibu, wakashikana kola wakicheka.

Pale mkekani hakuna aliyemwita dada wa mgonjwa. Hakuna aliyemtazama kwa huruma. Alipapenda, tena alipapenda kupita kiasi.

Mama alikuwa amemruhusu kwa sharti moja. "Ukichubuka, hata kama ni ukucha, niambie. Mwili wako sasa unategemewa na watu wawili."

"Nimesikia, hooyo," Nasteho alimjibu mama yake.

Jioni moja goti lake lilisuguka mkekani, ngozi ikatoka. Kesho yake kocha aliuliza, kama kawaida yake kabla ya mazoezi, "Nani ameumia?" Nasteho alijua kwamba mwenye kidonda hukaa nje mpaka apone. Akatikisa kichwa. Suruali ya judo ni ndefu; nani angeona?

Chumbani akafanya alivyomwona bibi yake akiwafanyia mbuzi. Alitwanga malmal, ule utomvu mchungu wa manemane waliokuja nao kutoka nyumbani, akaupaka mzito juu ya kidonda. Ila bibi yake huosha kidonda kwanza, naye hakuosha. Dawa ikakauka kama gome. Juu palipendeza, chini usaha ukajikusanya.

Siku ya Nasteho kulazwa ili atolewe uboho, muuguzi alimpima akamkuta ana homa. Alipopandisha suruali yake, goti lilikuwa limevimba mpaka linang'aa. Daktari aliligusa, usaha ukachuruzika.

"Hatuwezi kutoa uboho kwa mtoto mwenye kidonda kama hiki," alisema. "Lazima tungoje."

Abshiro hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi la ukumbini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika. Nasteho angependa kuchapwa kuliko kuyatazama mabega yale.

Walipoingia kwa Isse, aliuliza, "Mbona siku yangu imesogezwa?"

Mama alimtazama Nasteho. Nasteho akatazama sakafu.

"Ni kwa sababu nilitema dawa?" Isse aliuliza tena.

"La, mwanangu," mama alisema, lakini sababu hakuitaja, na Isse hakuamini.

Kungoja kulimdhoofisha. Homa ilimjia, vidonda vikamtoka mdomoni. Hata hivyo alimeza kila kidonge, machozi yakimtiririka, kisha akaonyesha ulimi mtupu. "Nimemaliza zote. Sasa watanikubali?" Nasteho alitoka mbio, akalia ukumbini.

Ndipo kocha Kavita alipomkuta. Alikuwa amekuja kumjulia hali. Nasteho alimweleza yote.

"Mkekani ukibanwa ukaumia, unafanya nini?" kocha aliuliza.

"Napiga mkeka kwa kiganja."

"Ni aibu?"

"Si aibu. Mwenzangu huniachilia."

"Basi kwa goti hukupiga mkeka, mwanangu. Ulinyamaza mpaka likakuangusha."

Goti liliposafishwa na kufungwa kila siku, hatimaye lilikauka. Homa ya Isse nayo ikashuka. Daktari akasema kazi ya kutoa uboho na kumtia Isse itafanyika kesho yake.

Abshiro alimkalisha binti yake kando. "Mimi nimekusamehe. Lakini mwili ni amana ya Mungu. Ukiumia, sema mapema, na ukikosea, sema mapema zaidi. Kosa ulilolificha halikupotea, Nasteho. Mdogo wako amelibeba akidhani ni lake. Nenda ukamtue."

Nasteho alinawa mikono, akavaa barakoa, akaingia. Isse alikuwa mwembamba kama fito, macho makubwa kuliko uso.

"Walaal, ndugu yangu," Nasteho alisema, "uliuliza kwa nini siku yako ilisogezwa. Wewe hukukosea lolote. Nilificha kidonda changu ili niendelee kucheza. Ilisogezwa kwa sababu yangu."